ProLiant DL380 Gen10 na Windows Server za zamani: kipi kinapanda, kipi kinagoma

Anayenunua DL380 Gen10 ya mtumba mara nyingi ana mzigo wa zamani anaotaka kuubebesha: programu ya uhasibu, mfumo wa stoo, au hifadhidata ya miaka kumi na zaidi ambayo aliyeiandika hapatikani tena na ambayo haitaki kukaa juu ya Windows mpya. Kwa hiyo hapa seva hii inapimwa kwa jambo moja tu: ukiipiga Windows Server ya zamani, inapanda au inagoma?

Windows Server 2016 na 2019 zinapanda bila ubishi, hazina haja ya maelezo marefu. 2012 R2 inapanda vizuri, na HPE wenyewe (watengenezaji wa seva hii) waliiweka kwenye orodha ya mifumo inayokubalika kwa Gen10, ila usipojiandaa utashinda mbele ya skrini inayokuambia hakuna diski. 2008 R2 haimo kwenye orodha hiyo. Hiyo usiipige moja kwa moja kwenye mashine. Iweke ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya programu inayoendeshwa ndani ya seva halisi.

Gen10 ilitoka 2017. Ni seva ya 2U (inachukua nafasi mbili za kabati) yenye soketi mbili za Xeon Scalable, nafasi 24 za ramu ya DDR4, iLO 5 ya kuisimamia kutoka mbali, na kwenye matoleo mengi milango minne ya mtandao ya 1Gb aina ya 331i. Angalia idadi ya prosesa kabla ya kushangilia idadi ya nafasi za ramu: ikiwa na prosesa moja, nafasi 12 tu ndizo zinazofanya kazi, na sehemu ya kadi za PCIe za upande wa pili nayo inalala. Kelele ipo. Inapowaka feni hupiga kwa nguvu zote kama jenereta la jirani, kisha hushuka. Ukiweka kadi ya PCIe isiyo ya HPE, feni zinaweza zisishuke sawasawa, kwa sababu seva haipati joto la kadi hiyo na inaamua kujihami. Hii si mashine ya kuweka chini ya meza ya mtu wa mapokezi.

Kontrola ya diski ndiyo inayoamua

Chanzo cha mgogoro ni tarehe. 2012 R2 ilitoka Oktoba 2013. Kontrola za Smart Array (vifaa vinavyosimamia diski) za Gen10 zilitoka miaka minne baadaye. Hakuna namna diski ya kusakinishia ya 2013 itakitambua kifaa ambacho hakikuwepo. Kadi ya 331i ni hadithi nyingine: chipu yake, Broadcom BCM5719, ilikuwa tayari kwenye Gen8, kwa hiyo upande wa mtandao hausumbui kiasi hicho.

Kabla ya kununua, muulize muuzaji ni kontrola gani iko ndani, na usikubali jibu la “ina RAID” (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja). Kuna tatu za kujua.

P408i-a ndiyo ya kuchukua. Ina kashe ya 2GB, na kashe hiyo inalindwa na betri ya 96W iliyo ndani ya seva. Betri hiyo huzeeka. Ikifa, kontrola huzima kashe ya kuandikia, na hifadhidata iliyokuwa ikikimbia huanza kukokota miguu bila ujumbe wowote upande wa Windows. Fungua iLO, ukurasa wa hali ya mashine, uone betri inasema nini kabla hujatoa hela.

E208i-a haina kashe, lakini ni kontrola ya kweli, na kwa kioo cha diski mbili (RAID 1, kila moja ikibeba nakala ileile) inatosha kabisa. Draiva yake na ya P408i-a ni ileile.

S100i ndiyo yenye mtego. Ni RAID ya programu: kazi inafanywa na draiva ndani ya Windows, na diski zenyewe zimeunganishwa kwenye milango ya SATA ya bodi. Inadai seva iwe kwenye UEFI, njia mpya ya kuwasha mashine. Ukibadili kwenda Legacy BIOS, ile njia ya zamani, haipo. VMware, programu ya mashine pepe, haiitambui. Na kama draiva ikigoma siku moja, kioo chako kinageuka kuwa diski mbili zisizojuana. Kama seva imekuja na S100i tu na huna bajeti ya kuongeza E208i-a, ni afadhali uache milango ya SATA kwenye AHCI (SATA ya kawaida bila RAID), ambayo 2012 R2 inaijua bila kuongezewa chochote, kisha ufanye kioo ndani ya Windows yenyewe. Pa kubadilisha ni hapa: F9 wakati wa kuwaka, System Configuration, BIOS/Platform Configuration, Storage Options, SATA Controller Options, Embedded SATA Configuration.

Kupiga 2012 R2, kwa utaratibu unaofanya kazi

Anza na firmware (programu ya ndani ya vifaa), kabla ya Windows. ROM ya mashine hii ni ya familia ya U30. Ya iLO 5 unaipandisha kupitia ukurasa wake wa kivinjari kwa faili la .bin. Kifurushi kizima cha HPE, kile cha SPP (Service Pack for ProLiant), hupakuliwa kwa akaunti yenye warranti au mkataba wa huduma, jambo ambalo mnunuzi wa mtumba kwa kawaida hana. Draiva mojamoja ndizo rahisi kuzipata. Ukibahatika kupata SPP, soma maelezo yake kwanza uhakikishe bado yanaitaja 2012 R2.

Hali ya kubuti iache UEFI. Wapo mafundi ambao wakisikia “Windows ya zamani” mkono unakwenda wenyewe kwenye Legacy BIOS. Kwa 2012 R2 hakuna sababu, na utajifunga kwenye mipaka ya MBR (mfumo wa zamani wa kugawa diski), yaani diski ya kubuti isiyozidi 2TB. Chomoa diski zote ambazo hazihusiki na mfumo. Kisakinishi cha Windows kikiona diski tatu kinaweza kuweka kizigeu cha kubuti kwenye moja na Windows kwenye nyingine, na siku utakapoitoa ile ya kwanza seva haiwaki.

Tengeneza kioo kwa F10, Smart Storage Administrator: diski mbili, RAID 1. Zilizobaki utazichomeka na kuziunda baadaye.

Flashi ya kusakinishia iwe FAT32, kwa sababu ndiyo UEFI inayoisoma bila maswali. FAT32 haibebi faili linalozidi 4GB, na install.wim (faili lenye Windows yenyewe) mara nyingi linagusa hapo. Ligawanye:

dism /Split-Image /ImageFile:D:\sources\install.wim /SWMFile:E:\sources\install.swm /FileSize:3800

Kisakinishi kinazitambua .swm chenyewe, ilimradi lile install.wim kubwa lisiwepo kwenye flashi.

Sasa draiva. HPE huziweka kama faili la .exe lenye jina linaloanza na cp. Usiliendeshe hivihivi kwenye laptopu yako. Litasema halikuona kifaa na kujifunga. Bonyeza Extract, chagua folda, utapata faili la .inf, la .sys na la .cat. Folda hiyo nzima ndiyo inayokwenda kwenye flashi. Hakikisha ukurasa uliopakua unataja 2012 R2 kwa jina. Draiva ya 2016 ni faili tofauti, na kisakinishi kitaificha kimyakimya kwa sababu ya ile tiki ya kuficha zisizooana. Mtu akisema “folda naiona lakini draiva haionekani”, tisa kwa kumi ndiyo habari yenyewe.

Ukifika kwenye ukurasa wa kuchagua diski na ukauona mtupu, bonyeza Load driver, nenda kwenye folda, chagua, subiri. Diski inajitokeza. Ikijitokeza lakini kitufe cha Next kimekufa, soma mstari mdogo wa chini. Mstari huo ukisema diski ni ya MBR na mfumo unataka GPT (mgawanyo mpya wa diski), maana yake diski ina mabaki ya matumizi ya zamani. Shift na F10 pamoja zitakufungulia dirisha jeusi:

diskpart
list disk
select disk 0
clean
convert gpt

Amri ya clean haiulizi “una uhakika?”. Linganisha ukubwa wa diski na ile unayoitarajia kabla ya kubonyeza Enter, maana flashi yako nayo iko kwenye orodha hiyo.

Kosa jingine linalopoteza watu ni ujumbe unaodai draiva ya kifaa cha usakinishaji haipo, hata kabla ya ukurasa wa diski. Watu hukimbilia kutafuta draiva ya DVD. Mara nyingi kisakinishi kimeshindwa kuisoma flashi yenyewe: badilisha mlango wa USB, au itengeneze upya kwa ISO (faili la diski ya kusakinishia) ambayo umelinganisha alama yake ya hash.

Kama una seva tatu au nne za kupiga, usirudie Load driver kila mara. Ingiza draiva ndani ya ISO. Nakili yaliyomo kwenye C:\iso, kisha:

dism /Mount-Wim /WimFile:C:\iso\sources\boot.wim /Index:2 /MountDir:C:\mount
dism /Image:C:\mount /Add-Driver /Driver:C:\draiva /Recurse
dism /Unmount-Wim /MountDir:C:\mount /Commit

Ikikupa kosa 0xc1510111 na kudai huna ruhusa, haihusiani na kuwa Administrator au la. Faili lililonakiliwa kutoka kwenye DVD linabaki na alama ya kusomwa tu. Bofya kulia, Properties, iondoe. Rudia hatua hizo kwa install.wim, kwenye index ya toleo utakalolitumia. Amri ya dism /Get-WimInfo itakuonyesha namba, na kwa kawaida Standard yenye madirisha ni namba 2. Usiishie kwenye boot.wim, ambalo ni la kisakinishi tu. Hatari yake ni kwamba usakinishaji unakwenda hadi mwisho, seva inajiwasha upya, kisha unakutana na skrini ya bluu ya INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, kwa sababu Windows iliyopandishwa haina draiva ambayo kisakinishi kilikuwa nayo. Kama install.wim linahitaji kugawanywa, ligawanye baada ya kuingiza draiva, maana .swm hazikubali kufunguliwa na kuandikwa.

Kuna njia fupi: Intelligent Provisioning, inayofunguliwa kwa F10, inakuja na draiva zake na inaweza kufanya yote haya kwa kubofya. Ikikubali ISO yako, itumie. Udhaifu wake ni kwamba ikigoma haikuelezi kwa nini. Kuhusu kusakinisha kutoka mbali kwa iLO, kumbuka kwamba kwenye seva za DL leseni ya kawaida inaonyesha skrini hadi mfumo unapoanza kubuti tu. Kuambatisha ISO na kuendelea kuona skrini kunataka iLO Advanced. Mtumba mwingine huja na leseni hiyo ikiwa imeshaingizwa, na hilo ni la kuuliza.

Baada ya kuwaka

Fungua Device Manager, utaona alama za njano. Mpangilio usioleta vurugu: chipset kwanza, kisha draiva ya iLO 5 Channel Interface, skrini ya Matrox, halafu mtandao. Nyingi ya zile zinazoitwa Base System Device hunyamaza baada ya mbili za kwanza.

Masasisho yana mpangilio pia. Kama ISO yako ni ya 2013 isiyo na nyongeza, weka KB2919442 kwanza, kisha KB2919355. Bila hiyo ya pili masasisho mengi yatakataa, na programu kadhaa zitalalamika kuhusu Visual C++. Programu ya zamani ikidai .NET 3.5, usiiache itafute mtandaoni. Ipe chanzo kutoka kwenye ISO:

dism /online /enable-feature /featurename:NetFx3 /all /source:D:\sources\sxs /limitaccess

Halafu usijidanganye kuhusu umri. Msaada wa nyongeza (extended) wa 2012 R2 uliisha tarehe 10 Oktoba 2023, na ule wa kulipia una mwisho wake Oktoba 2026. Seva ya namna hii haifunguliwi mlango wa intaneti. Kufungua RDP (njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali) ya 3389 kwa dunia nzima ili mhasibu aingie akiwa nyumbani ni kuwakaribisha wezi sebuleni, weka VPN.

2008 R2: usipigane nayo

Inawezekana kuilazimisha? Watu hujaribu. Hivi ndivyo vizuizi. Chipset za familia ya C620 zina USB ya xHCI (ya kizazi cha USB 3) pekee, na 2008 R2 haina draiva yake, kwa hiyo kibodi inayofanya kazi kwenye menyu ya F9 inakufa mara tu kisakinishi kinapofunguka: unatazama ukurasa wa kuchagua lugha na huwezi kubonyeza kitu. Secure Boot, ulinzi unaokagua mfumo wakati wa kuwaka, haiijui. Diski za NVMe haizioni bila kiraka cha KB2990941. Masasisho ya baadaye yanadai kwanza KB4490628 na KB4474419 ili ielewe saini za SHA-2. Na hata ukivuka yote, toleo la Standard linasoma ramu isiyozidi 32GB. Umenunua seva ya 128GB, 96 zimelala.

Ndani ya mashine pepe vizuizi vya vifaa vyote vinatoweka. Piga Windows Server 2019 kwenye chuma, yaani mashine halisi, washa Hyper-V (sehemu ya Windows inayoendesha mashine pepe), kisha hamisha seva ya zamani nzima kwa Disk2vhd ya Sysinternals, programu inayogeuza diski kuwa faili la mashine pepe. Simamisha huduma za hifadhidata kwanza, na andika picha kwenye diski ya nje, sio kwenye ileile inayonakiliwa. Mashine pepe iwe Generation 1: ya Generation 2 inaanzia 2012. Diski ya kubuti iwe kwenye IDE Controller 0, kwani Generation 1 haibuti kutoka SCSI. Huduma za Integration kwa 2008 R2 SP1 zimo kwenye KB3063109.

Ikiwaka, jambo la kwanza litakaloudhi ni anwani ya IP. Ukiandika ile ya zamani, Windows itasema inatumiwa na kadi nyingine, na kadi hiyo huioni popote. Ni mzimu wa kadi ya seva ya kale. Fungua dirisha la amri kama Administrator:

set devmgmt_show_nonpresent_devices=1
devmgmt.msc

Kwenye View chagua kuonyesha vilivyofichwa, nenda Network adapters, futa zile zilizofifia. IP itakubali.

Mahali pawili njia hii inakwama. Kama seva ya zamani ni domain controller (inayosimamia kuingia kwa watumiaji wa ofisi nzima), usiinakili kwa Disk2vhd na kuziacha zote mbili zikiwaka hata kwa dakika tano. Hesabu za Active Directory zitagongana na hutajua hadi wiki inayofuata watu wanaposhindwa kuingia. Kwa hiyo ni salama zaidi kusimamisha domain controller mpya na kuhamishia majukumu huko. Pili, programu inayodai ufunguo wa USB: Hyper-V haipitishi USB kwenda kwenye mashine pepe. ESXi ya VMware inapitisha. Kipo pia kifaa cha kupeleka USB kwa njia ya mtandao, na kinafanya kazi, ila ni kitu kimoja zaidi cha kuharibika. Kama programu ya ofisi yako inategemea ufunguo huo, jua hilo kabla ya kununua leseni ya 2019.

Na kuhusu leseni: ya 2008 R2 iliyokuja na seva ya kiwandani imefungwa kwa seva hiyo, haihami kisheria. Leseni ya 2019 Standard, ukishalipia koa (core za prosesa) zote za mashine na zisizopungua 16, inakupa haki ya mashine pepe mbili, na ndani yake unaruhusiwa kuendesha toleo la nyuma.

Alama zetu: kwa 2019 inayobeba wazee ndani yake, 9 kwa 10. Kwa 2012 R2 moja kwa moja yenye P408i-a au E208i-a, 7. Ileile yenye S100i, 4. Kwa 2008 R2 kwenye chuma, sifuri.

Dokezo la mwisho kwa mnunuzi wa Dar, Nairobi au Kampala: kebo za umeme zinazokuja na seva hizi mara nyingi ni za C13 kwenda C14, za kuchomeka kwenye PDU (kigawa umeme) ya kabati. Kwa soketi ya ukutani nunua mbili za C13 zenye plagi ya pini tatu bapa, moja kwa kila pawasaplai, na moja kati ya hizo ipitie UPS.